Viwiko Vitatu vya Mwisho

Tajeu alinipigia simu asubuhi, vijana ninaowafundisha kupigana wakiruka kamba na mimi nikiwagombeza. Karibu miaka ishirini hatukuwa tumesemezana, lakini sauti yake niliitambua kabla hajajitaja. "Boay," alisema, "mdogo wangu ametutoka. Nyati. Tumeshazika." Nikamuuliza nyati alimkuta wapi. Akasema ni njiani tu, akirudisha ng'ombe, mnyama katokea kichakani upande wa kushoto. Hakuwa na haja ya kuongeza, kwa sababu jicho la kushoto la mdogo wake huyo, Lekishon, nililitoa mimi. Hilo Karatu nzima inalijua, na Soitsambu nzima pia. Watoto waliozaliwa juzi huoneshwa picha yangu ukutani wakaambiwa, huyu ndiye aliyemtoa Mmasai jicho. Kuna jambo moja tu la siku ile wasilolijua, ambalo sikumwambia mke wangu wala padri. Nilipokata simu niliamua kwamba nakwenda kumwambia Tajeu, akitaka anipige, akitaka anisamehe. Kwao jina la marehemu halitamkwi tena, na siku nzima niliyokaa kwao sikulitamka. Hapa nitalitamka, maana mimi ni Mmbulu na hiki ni kitabu changu.

Nilimfahamu Lekishon kwa kupigwa naye. Ilikuwa siku ya mnada, nami nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kazi yangu kuwashikia wachinjaji ng'ombe na kukata kuni za nyama choma. Mchinjaji wangu alibishana na vijana wawili wa Kimasai juu ya fahali aliyekuwa anachechemea. Maneno yakaisha, mikono ikaanza. Mimi sikujua fahali ni wa nani na sikuuliza. Siku zile nilikuwa sihitaji sababu. Nilimrukia yule aliyekuwa mrefu zaidi, akanichapa fimbo ya shingo nikaona nyota mchana kweupe, nikamvamia miguu, tukaangukia meza ya mama lishe. Sufuria ya supu ya utumbo ilitumwagikia wote wawili na tuliendelea kupigana huku tunaungua. Aliyetuachanisha ni mzee mmoja mwenye suruali kuukuu ya jeshi. Alitupiga mateke ya mbavu kwa zamu, bila hasira, kama mtu anayefungua mlango uliokwama. "Wajinga wawili," alisema. "Mnapigana bure, tena vibaya. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, gereji nyuma ya kituo cha mafuta." Nilikwenda kwa sababu nilikuwa bado nina hasira. Nilimkuta Lekishon ameshafika, amepakwa mafuta ya kondoo kwenye malengelenge ya kifua, ananisubiri mimi.

Gereji ile zamani ilikuwa ya magari ya watalii. Shimo la kuchunguzia magari kwa chini lilifunikwa mbao, na juu ya mbao yalitandikwa magodoro yaliyotupwa na hoteli moja ya wageni, yakashonewa ndani ya turubai la lori. Baridi ya Juni ikishika Karatu, turubai lile lilikauka likawa gumu, na ukiburuzwa juu yake ngozi ya viwiko inabaki hapo. Mzee yule tulimwita Afande, jina jingine hakutupa. Judo alijifunza jeshini, ngumi alijifunza mtaani, na mengine aliyatazama kwenye kanda za video mpaka zikakatika. Mchezo wenyewe aliuita mchanganyiko. Alifundisha kwa fimbo ya mpera. Ukiinua mguu chini ya kiwango, unachapwa mguu ule ule. Ukiangushwa, unambeba mgongoni aliyekuangusha na kuizunguka gereji mara tano. Mwezi wa kwanza niling'oka meno mawili, na Lekishon akavunjika vidole viwili ambavyo Afande alivifunga pamoja kwa mpira wa tairi akasema, sasa una kidole kimoja kinene, endelea. Naandika haya leo mwili ukiwa unanisisimka, na si kwa woga. Tulipenda. Nisidanganye, tulipenda sana kuumizana.

Kitu kimoja Afande alishindwa kabisa. Alitufundisha kwamba ukikabwa koo au mkono ukipindwa hadi mwisho, unagonga mkeka kwa kiganja na mwenzako anakuachia. Lekishon hakugonga hata mara moja. Alikabwa akazimia, akamwagiwa maji, akaamka, akakabwa tena akazimia. "Gonga, mbwa wewe!" Afande alipiga kelele. Lekishon alikaa kitako, macho mekundu, akamjibu kwa upole wake ule: "Afande, sisi siku ya kutahiriwa mtu hapepesi jicho, na kile ni kisu. Leo nipige godoro kwa sababu shingo inauma?" Afande akanigeukia mimi. "Basi wewe ndiye utakayempima. Ukimhisi analegea, mwachie." Kwa mwaka mzima kazi hiyo ikawa yangu. Nilijifunza pumzi yake, nilijua shingo yake inalegea vipi kabla yeye mwenyewe hajajua, nikawa namwachia. Yeye aliniamini hivyo, kwa mwili.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Ukuta ulikuwa unatetemeka mchana kutwa na unga mwembamba ulitua juu ya kila kitu, mpaka kope za Lekishon zikawa nyeupe. Kitanda kilikuwa kimoja, tulilala mzungu wa nne, na miguu yake ilinifika puani. Chakula kilikuwa makande ya Jumapili yaliyopashwa moto hadi Jumatano, halafu ugali na mlenda. Mlenda ulimchekesha. "Mmbulu, wewe ukila majani, ng'ombe atakula nini?" Nami nilimwambia Mmasai asipoona damu kwenye sahani anadhani ni adhabu. Siku nyingine utani uligeuka ngumi, tukapigana pale pale kati ya kitanda na jiko, halafu tukala. Sijawahi kuwa karibu na mtu mwingine kiasi kile, na mke wangu akisoma hapa atanielewa.

Ulipokuja uvumi kwamba promota wa Arusha analeta pambano la kweli Karatu, Lekishon alisema makande ya Afande hayatatusaidia, twende kwao tukaingie olpul, yaani kambi ya nyama ambamo vijana wao hujificha korongoni kula na kunywa mpaka wapate nguvu. Afande alikubali kwa sababu nyama haikuwa yake. Tulikuwa vijana wanane juu ya Soitsambu, na mkubwa wetu alikuwa Tajeu, kaka yake Lekishon, mtu mkimya mwenye mabega mapana. Tulichinja dume, likaisha, tukachinja la pili. Supu ilichemshwa na magome ya miti, chungu kiasi cha kukunja ulimi, na baada ya siku chache inamwingia mtu kichwani. Damu inachemka. Vijana walitetemeka, povu likawatoka, kila mmoja akashikwa na watatu asijeruhi mtu. Nami nilitetemeka, mtoto wa wakulima wa ngano na kipaimara juu. Siku ya kumi vijana wawili waligombana juu ya kidari. Mmoja alimpasua mwenzake kichwa kwa rungu, aliyepasuliwa akachomoa sime, na mimi kwa ujinga wangu nikaingia katikati, ncha ya sime ikanichana juu ya nyusi. Sime ilikuwa imeshainuliwa tena Tajeu alipoinama, akang'oa nyasi, akaziinua juu kwenye ngumi yake. Mkono wenye sime ukashuka wenyewe, na yule kijana akakaa chini akaanza kulia.

Tajeu alinifuta damu kwa kona ya lubega yake, akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. "Ng'ombe anaishi kwa nyasi, sisi tunaishi kwa ng'ombe. Ukioneshwa nyasi, umeombwa amani. Anayepiga baada ya hapo, huyo si mtu." Nikauliza kwa mzaha kama hilo linamhusu na Mmbulu. Wakacheka wote, hata yule mwenye kichwa kilichopasuka. "Umekula nyama yetu humu," Tajeu alisema. "Linakuhusu." Tuliposhuka bomani mama yao alinikalisha ndani ya nyumba yake, kwenye giza la moshi, akanipaka siagi kwenye jeraha na kunipa maziwa ya kibuyu. Nilimwita yeyo, mama, kama walivyomwita wao, naye hakunisahihisha.

Kilichoniharibu nilikisikia kupitia ukuta. Ofisi ya Afande ilitenganishwa na gereji kwa kipande cha plaiwudi, na mimi nilikuwa upande wa pili nafunga bandeji mikononi. Promota alikuwa amekuja na habari kwamba mpiganaji wa Arusha amejitoa. "Wapiganishe hawa wako wawili," alisema. "Atakayeshinda namchukua Dar, namlea, nampeleka hadi nje." Afande alisema hao ni ndugu. "Ndiyo watu watajaa, mzee. Ila nikwambie ukweli, mimi roho yangu iko kwa Mmasai. Nampandisha na lubega nyekundu, wazungu wanachanganyikiwa. Huyo mwingine anafanana na kila mtu." Nikamsikia Afande akijibu, taratibu, kwamba Boay ana akili ya mapigano. Promota akacheka. "Akili haionekani kwenye bango." Nilimaliza kufunga bandeji, nikaenda kulipiga gunia la pumba mpaka likapasuka. Kila mtu anafanana na kila mtu mpaka aambiwe. Lekishon alipoambiwa habari ya pambano alifurahi tu. "Tupigane vizuri," alisema, "halafu tukale." Nilimchukia kwa furaha ile. Kuanzia siku hiyo, mazoezini, nilikuwa nachelewa kidogo kumwachia.

Pambano lilifanyika siku ya mnada, saa tisa alasiri, kwenye uwanja wa mpira. Mafundi walichomelea mabomba wakayazungushia wavu wa seng'enge, na ndani wakatandika mbao, juu yake yale yale magodoro yetu. Watu walitoka mnadani na nyama mikononi, wengine na fimbo zao, madereva wa watalii wakapanda juu ya mabodi ya magari. Afande alikataa kusimama upande wa yeyote, akakaa kwenye kiti nje ya wavu, katikati ya pande zetu mbili, na uso kaukunja. Mimi nilisimamiwa na mchinjaji wangu wa zamani. Lekishon alisimamiwa na Tajeu, ambaye alikuwa ameshuka siku hiyo hiyo kutoka Soitsambu. Msaidizi wa promota alimpa taulo jeupe na kumwambia haraka haraka, mzee ukiona mbaya, tupa hili ndani, pambano litasimamishwa. Baadaye nilielewa kwamba katika makelele yale Tajeu hakushika neno. Aliliweka taulo shingoni akidhani ni la jasho.

Raundi ya kwanza nilipigwa. Lekishon alikuwa na miguu mirefu na aliitumia kama alivyofundishwa, paja, mbavu, paja, mpaka mguu wangu wa kushoto ukafa ganzi. Nilipojaribu kuingia alinipokea na goti, nikasikia pua inavunjika, mlio mdogo tu ndani ya kichwa, na damu ikanijaa mdomoni. Watu walipiga kelele jina lake. Promota alisimama na kupiga makofi, nikamwona vizuri kabisa. Raundi ya pili nilimwacha apige teke, nikaukumbatia mguu nao ukiniumiza, nikamnyanyua na kumtupa kwa mgongo. Mbao zililia. Nikamkalia kifuani, magoti yangu juu ya mikono yake, na kuanzia hapo haukuwa mchezo tena. Nilimpiga ngumi mpaka mkono wangu wa kulia ukavunjika kwenye kifundo, ndipo nikaanza viwiko. Cha kwanza kilimpasua paji. Cha pili kilimpiga shavu, nikahisi mfupa unaingia ndani. Alikuwa hajitetei tena. Mwili wake niliujua kuliko mtu yeyote duniani, na ulikuwa umelegea. Refa, kijana wa mjini, alikuwa amepiga goti pembeni akitazama kiganja cha Lekishon, anasubiri kigonge. Kiganja kile kisingegonga hata mpaka kiama, na ndani ya wavu ule mimi peke yangu nilijua.

Ndipo nikasikia jina langu. Hakumwita refa, aliniita mimi. "Boay!" Nikainua kichwa. Tajeu alikuwa amepiga magoti nje ya wavu, taulo bado shingoni, na mkono wake mmoja ulikuwa umepenya kwenye tundu la seng'enge hadi kwenye kiwiko, waya umemchana. Katika ngumi yake kulikuwa na nyasi za uwanja wa mpira, mbichi, na mizizi yenye udongo mwekundu. Tulitazamana. Sijui ni muda gani, lakini ulitosha. Nilielewa kila kitu, kwamba ananiomba, kwamba ananiomba mimi kwa sababu nilikula nyama yao, kwamba imekwisha. Nikawaza, nikisimama sasa refa ataona nimeacha mwenyewe, na promota atapata anayemtaka. Nikainamisha kichwa, nikapiga viwiko vitatu zaidi. Vyote vitatu viliingia jicho la kushoto. Hilo ndilo jambo ambalo sikumwambia mtu.

Refa alinivuta kwa nywele. Nilishinda, nikainuliwa mkono uliovunjika, nikapiga ukelele kama mwehu. Jioni ile watu walimwambia Tajeu, na nilisikia kwa masikio yangu, kwamba asinilaumu, Mmbulu atajuaje mambo ya nyasi, tena damu imemjaa machoni. Mimi nilinyamaza. Nilikwenda Dar, nikapigana miaka sita, nikashinda mara nyingi, na promota alikuwa amesema kweli, huko hakuna aliyekumbuka sura yangu. Bega lilipokufa nilirudi Karatu, Afande ameshazikwa, nikafungua gereji upya. Vijana wangu wananiita Kocha Taulo. Mmoja wao akichanika tu nyusi, taulo limeshaingia ulingoni, na wengine wameninunia hadi kuhama kwa mapambano niliyowaharibia. Sijali. Soitsambu sikuwahi kurudi. Lekishon alinitumia salamu mara tatu kupitia watu wa mnadani, na mara zote tatu nilisema nina kazi.

Mwezi huu nilirudi. Boma lilikuwa pale pale, nyumba zimejengwa upya, Tajeu amezeeka mabega yakiwa yale yale. Alinionesha kaburi kwa kidevu tu, halafu tukaingia ndani ya nyumba ya mama yake, ambaye alikuwa nje na mbuzi. Tulikaa juu ya ngozi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yakanikimbia. "Tajeu," nilisema, "siku ile uwanjani niliona. Nilikuona wewe, niliziona nyasi, na nilijua. Nikapiga."

Nilidhani atanipiga, na nadhani nilitaka anipige. Hakusogea. Nyuma ya kiambaza cha fito ndama walikuwa wakihema.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Baada ya siku ile tulikusanyika," alisema. "Rika lake lote, tulikuwa kumi na wawili. Mimi sikuyaamini yale maneno ya watu wa Karatu. Nilikuona umenitazama. Tulikuwa tunakuja kukuua, Boay, tumeshapita Sale kwa miguu, njia ya Karatu. Mdogo wangu akatukuta njiani, amepakiwa kwenye pikipiki, kichwa chote bandeji. Akasimama mbele yetu. Akaapa kwamba hukuona. Alisema alikuwa chini yako, anakutazama usoni kwa jicho lililobaki, na hukuona. Akasema, kama nasema uongo, pori linimalize." Alitazama mikono yake. "Mimi nikaambiwa na mdogo wangu kwamba macho yangu ndiyo yamekosea. Nikakubali. Tukarudi."

Alikuwa chini yangu, alinitazama, na aliniona nikiona.

"Nyati alipomkanyaga," Tajeu aliendelea, na sauti yake sasa ilikuwa inakatika, "tulisema ni lile jicho. Yeyo alisema, ni jicho tu, mtoto wangu hakuwa na deni na Mungu. Tulimzika mtu safi. Sasa umekuja na gari lako kuniambia alikula kiapo cha uongo. Ulitaka kupumua, eh? Umepumua?"

Nililia. Nimewazika watu wengi na sikuwa nimelia tangu utoto, nikalia pale kwa sauti ya ovyo, na yeye hakunigusa. Nje tulisikia mkufu wa shanga wa mama yao ukilia. Tajeu aliinama haraka akanishika ukosi, akauvuta uso wangu karibu na wake. "Nyamaza. Futa uso. Hili umeniachia mimi, linatosha, yeye hatalipata."

Mama yao aliingia ameinama, akiwa na kikombe cha chai ya maziwa, macho yake yameingia ukungu. Nikasimama nikamwamkia, "Takwenya, yeyo," naye akaitika, "Iko," akapapasa uso wangu mpaka akalipata kovu la juu ya nyusi, akatulia hapo. Alisema Kimasai, na Tajeu akatafsiri bila kunitazama.

"Anasema amekusubiri miaka mingi. Anasema mtoto wake alimwambia, lakini anataka kulisikia kwako wewe mwenyewe. Siku ile hukuona, siyo?"

Kidole chake kilikuwa bado juu ya jicho langu.

"Sikuona, yeyo," nilisema.